Msimu wa kwanza na nyati: bunduki ipi, risasi ngapi, na nini kingine ubebe

Swali limetoka kwa msomaji wa Makongolosi, wilayani Chunya. Anaandika: "Shikamoo mzee. Nina miaka 27, nimemaliza mafunzo na nimeajiriwa na kampuni ya uwindaji wa kitalii kama msaidizi wa mwindaji bingwa. Mwezi wa saba tutakuwa kitaluni upande wa Rungwa, na wageni wa kwanza wanataka nyati. Nimeambiwa nichague kati ya bunduki mbili za kampuni, .375 na .458. Nichukue ipi? Nibebe risasi za aina gani, ngapi, na vifaa gani vingine? Na mkanda mzuri wa risasi nitaupata wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Huku Iringa tungeanza na kamwene, lakini nyati hasubiri salamu zetu ziishe, kwa hiyo niingie moja kwa moja.

Kabla ya bunduki na risasi, elewa kazi uliyopewa. Risasi ya kwanza ni ya mgeni. Amelipia leseni, amesafiri siku mbili, na mnyama ni wake. Wewe na bosi wako risasi zenu ni za pili na kuendelea, na mara nyingi zitahitajika pale tu ambapo ile ya kwanza imeenda vibaya: nyati amepigwa tumbo, ameingia kichakani, nyasi zimefika kifuani, na ninyi mnamfuata. Basi kila utakachobeba kipime kwa dakika ile. Asubuhi ya utulivu mnapoondoka kambini isikudanganye, kwa sababu saa hizo kila kifaa kinaonekana kizuri.

Bunduki kwanza. Kisheria zote mbili zinafaa, maana kwa nyati kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, ya chini inayokubalika hapa kwetu ni .375. Hiyo .375 ya Holland & Holland imekuwa porini tangu 1912. Kichwa cha risasi yake cha kawaida kina uzito wa greni 300, yaani gramu 19 na ushee, na kinatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Ile .458 ya Winchester ilitoka 1956. Kichwa chake ni greni 500, gramu 32, kinakwenda polepole zaidi lakini kinagonga kwa uzito ambao .375 haina. Ungeniuliza ni ipi inayomsimamisha nyati anayekuja, ningekujibu .458, tena bila kusita.

Hata hivyo, wewe chukua .375 kwa msimu huu. Sababu yangu ni teke la bunduki. Kijana ambaye hajazoea .458 hufumba macho kabla ya mlipuko, huivuta traiga kwa pupa, na risasi inakwenda chini. Baada ya hapo bunduki imeruka juu, na inamchukua muda mrefu kuirudisha begani. Ukiwa na .375 unaweza kupiga ya pili na ya tatu ukiwa bado unamwona mnyama. Bosi wako ndiye mwenye kaliba kubwa, na ndiye atakayesimama mbele. Siku utakapoweza kupiga risasi nne umesimama wima, bila kuegemea, zote ndani ya sahani ya chakula, hatua 20, kwa sekunde kumi, hapo uiombe .458. Kuna faida nyingine ndogo: wageni wengi huja na .375, kwa hiyo risasi zikikuisha au za mgeni zikipotelea uwanja wa ndege, mnaweza kusaidiana.

Ukija kuichukua hiyo .458 baadaye, chunguza maboksi ya risasi yaliyoko stoo. Za miaka ya mwanzo zilikuwa na tatizo. Ganda lile ni fupi, baruti ikashindiliwa mno ili itoshe, na zikikaa miaka kwenye joto baruti iliganda mabonge na kuungua vibaya. Risasi ikatoka haina nguvu, na watu wakaingia matatani wakidhani wameshika nyundo. Mmarekani Jack Lott, ambaye nyati alishamjeruhi, alitengeneza ganda refu zaidi mwaka 1971, ndiyo hiyo .458 Lott. Risasi za kisasa za .458 Winchester hazina ugonjwa ule, lakini boksi lililofifia maandishi, lisilojulikana lilifika kambini lini, litumie kwa mazoezi au liache kabisa. Na usichanganye hizo mbili. Lott haiingii kwenye chemba ya Winchester, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, na utaligundua hilo pale bolti, komeo la kuifungia chemba, itakapogoma kufunga.

Mgeni mmojawapo atakusimulia habari za W.D.M. Bell, mwindaji wa zamani aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa kaliba ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell alikuwa akimchagua mnyama aliyetulia, akachagua upande, akachagua na saa. Wewe unakwenda kwa mnyama ambaye tayari ana risasi mwilini na ndiye amechagua pa kukungojea.

Sasa risasi zenyewe. Kambini utasikia wakisema "softi" na "solidi", yaani risasi laini na risasi ngumu. Laini hupanuka inapoingia nyamani, ikafanya jeraha pana. Ngumu haipanuki, inachimba moja kwa moja, inavunja mfupa na kuendelea. Kwa tembo na kiboko wanaopigwa ubongo, ngumu ndiyo jibu. Kwa simba na chui, laini, kwa sababu mwili wao hauhitaji kuchimbwa sana. Nyati yuko katikati, na ndiye anayezua ubishi jioni motoni.

Msimamo wangu ni huu. Risasi ya kwanza kwa nyati aliye ndani ya kundi iwe laini, ya ile aina imara ambayo madini ya risasi yaliyo ndani na koti lake la shaba vimeunganishwa visitengane, kama Swift A-Frame, au iliyo shaba tupu kama Barnes X iliyoanza kuuzwa 1989. Ukipiga ngumu katikati ya kundi, itatoka upande wa pili na kumjeruhi jike aliyesimama nyuma. Hapo mtakuwa na wanyama wawili waliojeruhiwa na leseni moja. Lakini nyati akishapigwa na kukimbia, zinazofuata zote ziwe ngumu. Atakuwa anakupa makalio akikimbia, au kichwa akija, na katika hali zote mbili unahitaji kitu kitakachopita nyama nyingi na mfupa mnene bila kupoteza njia. Mwambie na mgeni wako apange hivyo hivyo magazini yake, pale bunduki inapohifadhi risasi zinazofuata: laini chembani, ngumu chini.

Mwonyeshe pia pa kulenga, kwa sababu risasi nzuri mahali pabaya ni hasara tu. Moyo wa nyati umekaa chini kuliko watu wanavyodhani. Mnyama akiwa ubavu, fuata ukingo wa nyuma wa mguu wa mbele, panda hadi theluthi ya kwanza ya kimo cha mwili, piga hapo. Wageni waliozoea wanyama wa kwao hupiga juu sana au nyuma ya bega, wakaishia kwenye tumbo. Huko ndiko kazi yako ya kufuata damu inakoanzia.

Idadi: siku ya nyati nabeba risasi 14. Nne bundukini, yaani tatu magazini na moja chembani tunapokaribia, na kumi mkandani. Kwenye mkanda, laini tatu upande wa kushoto, ngumu saba upande wa kulia ambako mkono unakwenda wenyewe. Usizichanganye hata siku moja, maana kwenye hofu vidole havisomi maandishi. Watu wengine hubeba 20 na zaidi. Uzito ule unakuchosha kiuno, na sijaona bado siku ambayo risasi ya kumi na tano ingebadilisha chochote. Kilichobadilisha mambo ni kama zile kumi zilikuwepo mahali pake.

Nikusimulie kwa nini nasema hivyo. Miaka ya tisini, pori la Rungwa, mgeni wangu alimpiga dume mzee nyuma kidogo ya pale panapotakiwa. Tulisubiri nusu saa, tukaanza kufuata. Mfuata nyayo wetu, ambaye kambini tunamwita traka, alikuwa mzee wa Kihehe aliyenizidi umri kwa miaka ishirini. Damu ilikuwa nyeusi, ina vipande vya majani, kwa hiyo tulijua ni tumbo. Ilituongoza hadi kwenye kichaka kinene, ikabidi tutambae. Mimi mbele, mzee nyuma yangu, mgeni nyuma yake. Siku hiyo nilikuwa nimeazima mkanda uliotengenezwa kwa kaliba kubwa kuliko yangu, na vitanzi vyake vilikuwa vimelegea. Nilijua vimelegea. Nilijiambia ni siku moja tu.

Nyati alinyanyuka hatua kama 25 kutoka tulipokuwa. Fahamu kwamba nyati anaweza kufikia mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo umbali ule ni sekunde mbili, si zaidi. Nilipiga, mgeni akapiga, nikapiga tena. Alianguka magoti, akainuka, akageuka upande. Nikamalizia zilizobaki. Bunduki ikawa tupu na nyati bado amesimama, anatikisa kichwa. Nikapeleka mkono mkandani, kidole kikaingia kitanzi kitupu. Cha pili, kitupu. Cha tatu pia. Zilikuwa zimedondoka moja moja wakati natambaa, na sikusikia hata moja.

Ndipo mkono ukaja kutoka nyuma, ukanigusa begani, umefunguliwa kiganja. Ndani yake risasi mbili ngumu, safi, hazina mchanga. Yule mzee alikuwa akiziokota kila zilipoanguka, akazifuta kwenye shati lake, akazishika tayari. Hakusema kitu. Niliingiza moja, nikapiga, na nyati akalala. Baada ya muda tukasikia mlio ule mrefu wa kukata roho, ambao ukishausikia mara moja hutausahau. Mzee akanirudishia na nyingine nne kutoka mfukoni.

Tangu siku ile kila jioni nakagua vyangu mwenyewe. Naenda mahali salama nje ya kambi, mtutu naulekezea kichuguu, sefti imefungwa, na napitisha kila risasi ya kesho kutoka magazini hadi chembani na kuitoa tena. Ile inayokwama au inayohitaji kusukumwa naiweka kando. Naangalia pia vichwa vya risasi. Zile zinazobaki magazini wakati wenzake wanapigwa hugonga ukuta wa mbele kwa lile teke, ncha laini ikabonyea, na wakati mwingine kichwa kizima kikasukumwa ndani ya ganda. Ukiona hivyo, iondoe. Nafuta kila moja kwa kitambaa kikavu, bila mafuta, kwa sababu mafuta hunasa vumbi. Na usiziache juu ya dashibodi ya gari mchana. Joto hupandisha nguvu ya mlipuko, ganda likavimba na kung'ang'ania chembani. Kwa ajali ya namna hiyo weka garini ufito wa chuma wa kusafishia mtutu. Hausafishi tu, unaweza pia kulisukuma nje ganda lililokwama.

Darubini ya bunduki: kama ile .375 inayo, iwe ya nguvu ndogo, inayoanzia moja au moja na nusu, na ukianza kufuata damu irudishe chini kabisa. Ya nguvu kubwa kwa hatua kumi itakuonyesha manyoya meusi tu, hujui ni bega au paja. Bora zaidi ikiwa inachomolewa, ubaki na vilengeo vya chuma vya bunduki yenyewe. Mkanda wa begani wa bunduki uvue unapoingia kichakani, uutie mfukoni. Tawi moja la mgunga likiushika, bunduki haifiki begani.

Mavazi sina mengi. Kijani iliyopauka au kahawia, pamba, si nailoni inayopiga kelele kila ukigusa tawi. Usivae bluu wala nyeusi, kwa sababu mbung'o wanazifuata rangi hizo na Rungwa haina uhaba wa mbung'o. Viatu vyepesi, soli laini, uwe umevitembelea mwezi mzima kabla. Kiatu kipya ni malengelenge siku ya pili. Maji lita tatu, hata kama mmepanga kurudi saa nne.

Kifuko cha majivu usikisahau. Kitambaa chembamba, majivu ya moto wa jana, unakitikisa na kuona upepo unakokwenda. Nyati atakusamehe ukikanyaga kijiti, lakini akipata harufu yako kundi zima limeondoka. Fito za kulengea zitabebwa na traka, na ni kwa ajili ya mgeni. Darubini ya shingoni unayo wewe, na inatumika hata kichakani. Utashangaa jinsi inavyokuonyesha sikio au ncha ya pembe nyuma ya majani ambapo jicho tupu linaona kivuli. Karatasi ya chooni, robo ya rola, kwa kutundika kwenye matawi kila mnapoona damu, ili mkiipoteza mjue pa kurudia. Tochi yenye betri mpya, hata mkiondoka alfajiri, kwa sababu ufuatiliaji haujali saa. Panga na kamba viko garini, kwa kufungua njia na kuvuta mzoga.

Kitu kimoja ambacho vijana wengi wanakiacha kambini ndicho ninachokuomba usikiache: vifaa vya kuzuia damu. Pembe ya nyati huingia pajani au kinenani, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaweza kuisha ndani ya dakika chache. Kutoka kitaluni hadi hospitali ya rufaa Mbeya ni saa nyingi za barabara, na ndege ikiitwa nayo ina muda wake. Hivyo mkanda wa kukaza unaozuia damu ukae mwilini mwako, mfuko wa kulia wa suruali, si ndani ya sanduku la gari. Hufungwa juu ya jeraha, kati ya jeraha na kiwiliwili, vidole vitatu au vinne juu yake, unakazwa hadi damu isimame kabisa, na saa uliyofunga unaiandika kwenye paji la uso la majeruhi. Utamuuma sana, atakuomba ulegeze, usilegeze. Ongeza bandeji mbili nene za kukandamiza kwa jeraha lisilofungika kwa mkanda, kama la kinena au kwapa. Jifunze kuufunga kwa mkono mmoja na gizani, uwafundishe traka na dereva pia, maana anaweza kuwa ni wewe uliyelala chini. Simu ya setilaiti au redio ijaribiwe kila asubuhi na mtu aitikie upande wa pili. Kuiona imewaka taa hakutoshi.

Mazoezi yaanze sasa, kabla ya mwezi wa saba. Risasi halisi ni ghali, kwa hiyo muombe bosi wako zile za mazoezi zisizo na baruti wala fataki. Kila jioni dakika kumi: hakikisha mara mbili bunduki ni tupu, simama, ipandishe begani macho yakiwa kwenye shabaha, vuta, piga bolti bila kuishusha bunduki, vuta tena. Kisha fanya lile ambalo hakuna anayelifanyia mazoezi: kuingiza risasi kutoka mkandani wakati macho yako hayaondoki kwenye shabaha. Ukiona unatazama chini kutafuta kitanzi, rudia.

Sasa mkanda. Usihangaike kuagiza Dar es Salaam wala nje. Nenda kwa fundi viatu mzuri hapo hapo Makongolosi au Chunya mjini, na ngozi nene ya ng'ombe. Usimpelekee risasi hai, mpelekee ganda tupu la .375, akate vitanzi kwa kulipima hilo. Vibane kiasi kwamba ukiugeuza mkanda na kuutikisa hakuna kinachotoka, na ukivuta kwa vidole viwili inatoka bila ubishi. Vitanzi kumi tu, na nafasi ya vidole viwili kati ya laini na ngumu ili uzitofautishe kwa kugusa. Uvae ukitambae nao shambani mara kadhaa, uhesabu mwanzo na uhesabu mwisho. Na kila usiku zitoe risasi zote kwenye ngozi uziweke ndani ya boksi. Dawa zilizotumika kulainisha ngozi hula shaba ya ganda, na asubuhi moja utakuta ukungu wa kijani umeota pembeni, umegandisha risasi ndani ya kitanzi.